Itakuwa Inakujaga?

Kazi yangu haielezeki msibani. Nasema msibani kwa sababu huko ndiko ndugu humpata mtu wao aliyesoma akiwa amekaa, hana pa kukimbilia, wakaanza kumkagua. Tulikuwa Butiama, kwenye viti vya kukodi, tukisubiri jeneza lifike kutoka Mwanza, baba yangu mdogo akaniuliza siku hizi nafanya nini. Nikamjibu kwa fahari ya mtu ambaye haulizwi mara nyingi: uchambuzi wa operesheni. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Baadaye akanivuta nyuma ya nyumba, akalegeza mkanda, akaanza kunionyesha ngiri yake.

"Baba mdogo, mimi si daktari."

"Si umesema operesheni?"

"Operesheni za ndege. Za doria, za majeshi. Miradi."

Akafunga mkanda taratibu. "Kwa hiyo mnapasuaga wanajeshi tu. Sisi raia hapana."

Dada yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikuwa anamimina chai pale karibu, akacheka mpaka akamwaga kikombe. Yeye operesheni hakuijali. Lililomfurahisha ni neno uchambuzi. Aliolewa upande wa Bunda, kwenye pamba, na huko kuchambua ni kukaa chini mbele ya rundo, safi unaweka huku, chafu unaweka kule, mpaka mgongo ukatae. "Na mimi ni mchambuzi," akasema. "Tofauti yetu, mimi nikimaliza kunakuwaga na pamba."

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, nikitafuta jibu. Ukweli ni kwamba mimi nikimaliza kunakuwa na ripoti. Mtu mwenye fedha anataka kununua ndege, au rada, au boti ya doria. Kabla hajanunua, mtu kama mimi anakaa mbele ya kompyuta akijiuliza kitu hicho kitaendeshwa na nani, kitakaa wapi, kikiharibika kitatengenezwa na nani, na mvua ikinyesha itakuwaje. Majibu huwa mabaya. Kazi ya pili, ambayo ndiyo hasa hula muda, ni kuyaandika majibu hayo kwa namna ambayo hayatamuumiza aliyekwisha kuamua kununua. Nimefanya hivyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimejenga Bweri, hapa Musoma, kwa kazi hiyo, nyumba ambayo mpaka leo upande mmoja haijapigwa plasta, na nimepata kiti cha kuzunguka ambacho kimeacha kuzunguka.

Mradi ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa ndege nyuki. Ndivyo watu wanavyoziita hizi ndege ndogo zisizo na rubani, kwa sababu ya mlio wake. Tembo walikuwa wakitoka hifadhini na kuingia mashambani katika vijiji vya mpakani upande wa Bunda, na kampuni moja ya kigeni, iliyozoea miradi ya ulinzi, ikapewa kazi ya kuangalia kama ndege hizo zinaweza kuwarudisha. Tembo wanaogopa nyuki. Mara moja katika maisha yangu, jina la Kiswahili lilikuwa limetangulia utafiti. Kampuni ikanikodi mimi kama mtaalamu wa huku, maana yake mtu anayejua njia na asiyehitaji kulipiwa hoteli.

Nilitumiwa kiolezo cha ripoti. Kilikuwa kimetumika kwenye miradi ya majeshi, kwa hiyo sura ya kwanza iliitwa Adui na ya pili iliitwa Vikosi Rafiki. Kwenye kikao cha kwanza, katika ukumbi wa hoteli moja ya Musoma unaotazama ziwa, nikaonyesha ukutani kwamba adui ni tembo. Afisa wa wanyamapori akanyoosha mkono.

"Naomba tuwekane sawa. Tembo si adui. Tembo ni mali ya taifa."

Watu wakakubali. Mwingine akapendekeza aitwe changamoto. Afisa akakataa, akasema tembo ana haki ya kupita, mapito yake ni ya zamani kuliko vijiji. Tukazunguka hapo mpaka harufu ya sambusa ilipoanza kuingia ukumbini, ndipo mwenyekiti akasema kwa uchovu, "Basi mwandikeni kuwa ni mdau." Nikaandika. Katika jedwali la wadau, chini ya wakulima na halmashauri, likawemo neno tembo, na mbele yake, kwenye safu ya mahitaji ya mdau, nikajaza: mahindi. Hakuna aliyecheka. Tukaenda kunywa chai.

Sikumwambia mtu kikaoni kwamba mmoja wa wadau wale alikuwa dada yangu. Shamba lake linatazamana na mpaka wa hifadhi, kati yake na tembo kuna kijito tu ambacho nusu ya mwaka hakina maji. Shemeji yangu alikufa akiwa bado ana nguvu. Wanawe wapo Mwanza na kwingine, kila mmoja na shida zake. Kwa misimu kadhaa alikuwa analima, anapalilia, mahindi yanaanza kukomaa, kisha wageni wanakuja. Alijaribu yote: madebe, moto, kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Mizinga ya nyuki nayo ikawekwa, ikaibwa. Sasa mdogo wa marehemu mume wake, mtu wa ng'ombe, alikuwa ameanza kusema mbele za watu kwamba shamba linalolisha tembo ni heri lilishe ng'ombe. Dada alielewa mwisho wa maneno hayo ni nini. Mjane akionekana ameshindwa shamba, shamba hupata mwenyewe mwingine bila kikao.

Mbegu alikuwa nayo ndani. Mvua ilikuwa karibu. Aliniambia hivi: ndege ikiwepo, atapanda tena. Isipokuwepo, atafunga mlango na kuja kukaa kwangu Bweri, na kitu pekee alichotaka kutoka kwangu ni kumwambia ni lipi kati ya hayo mawili. Sikumbuki kama mteja yeyote amewahi kunipa swali lililonyooka namna ile.

Kisha yakaja majaribio. Yalifanyika mchana, kwenye uwanja wa shule, kwa sababu mgeni rasmi alitakiwa kurudi Musoma kabla ya jioni. Tembo, ambao shughuli zao ni za usiku, hawakuhudhuria. Kulikuwa na turubai, spika, maji ya chupa kwa waliokaa mbele. Marubani wawili wenye miwani ya jua wakaweka ndege chini, wakarudi nyuma, ikapanda. Ilikuwa na mlio kweli wa kundi la nyuki lililokasirika. Upande wa pili wa barabara ng'ombe walikuwa wanachungwa, wakasikia, wakainua mikia, wakaondoka wote kwa pamoja na kupita katikati ya pamba ya mtu.

"Mmeona wenyewe," mshereheshaji akasema kwenye spika. "Kama ng'ombe wanakimbia hivi, tembo je?"

Watu wakapiga makofi, isipokuwa mwenye pamba na mwenye ng'ombe, ambao walikuwa wameshaanza kutukanana.

Dada yangu alinifuata nyuma ya turubai. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Nimeiona," akasema. "Imekuja. Sasa itakuwa inakujaga?"

Lazima nieleze jambo kuhusu hiyo *ga*. Huku kwetu Mara tunaibandika mwishoni mwa kitenzi bila kufikiri: anakujaga, tulikuwaga, inanyeshaga. Mwalimu wangu wa Kiswahili alitutandika kwa ajili yake. Chuo kikuu, wenzangu wa Pwani walikuwa wakiniomba nisimulie chochote ili waisikie, wakaanguka kwa kicheko. Nikaing'oa mdomoni mwangu, na nimeishi bila hiyo kama mtu aliyeng'oa jino, ulimi ukipita pale mara kwa mara. Kumbe kazi yangu yote ilikuwa humo. Jambo ambalo wenzetu wa miradi ya ulinzi wanaliandikia vitabu, yaani kama chombo kitakuwepo kila kinapohitajika na si siku ya mgeni rasmi peke yake, mimi nililitafsiri kwa neno upatikanaji, neno linalochosha hata kulitamka. Sisemi kwamba dada alikuwa amegundua kitu. Alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza kuhusu basi na kuhusu umeme.

"Nitachambua," nikamwambia.

"Chambua. Ila usichambue mpaka mvua ipite."

Nikarudi Bweri, nikafungua kompyuta chini ya bati lililokuwa linatoa joto la tanuri. Mambo yalikuwa rahisi kuliko nilivyotaka. Ndege na marubani wake vingekaa Bunda mjini, kwenye umeme. Mkulima akiona tembo angempigia mtendaji wa kijiji, mtendaji angempigia afisa, afisa angetafuta kibali cha kurusha, kisha angetafutwa dereva, na dereva angetafuta mafuta. Halafu njia. Udongo wa kule ukilowa unashika gari kama ugali wa muhogo unavyoshika mwiko. Na hata wangefika, ndege yenyewe hairushwi kwenye mvua, wakati tembo hawana neno na mvua, tena ndipo wanapopenda. Kwenye programu yangu ya kuigiza safari hiyo nilibadilisha hiki na kile. Nilimpa dereva mafuta ya kudumu. Nilimpa afisa simu isiyoisha chaji. Kila nilipoiendesha programu tembo walikuwa wameshakula na kuondoka, na katika mizunguko mingine walikuwa wameshalala.

Ripoti kubwa ilikwenda kwa Kiingereza, na humo nilisema nililosema, kwa tahadhari zote za biashara yetu, kwenye kurasa ambazo hazisomwi. Lakini mkataba ulitaka pia muhtasari wa Kiswahili, ukurasa mmoja, wa kusomwa kijijini. Nikauandika jioni moja bila kuusubiri moyo uwe tayari. Nilipofika kwenye sentensi yenyewe, upatikanaji ukakataa kuandikika. Nikaandika hivi: *Kwa mpango huu, ndege itakuja, lakini haitakuwa inakujaga.* Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa sentensi pekee ya kweli niliyoiandika katika mradi ule, na ilikuwa na kosa ambalo mwalimu wangu angelitoa kwa fimbo. Nikaituma.

Muhtasari ulipita kwa mhariri wa lugha Dar es Salaam. Uliporudi ukiwa umepangwa vizuri, una nembo juu na picha ya tembo chini, niliangalia kama jina langu limeandikwa sawa, nikaufunga.

Siku ya mkutano wa kijiji mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa ziwa. Nilitoka Musoma mapema, nikashuka Kiabakari kunywa chai kwa sababu sikutaka kufika haraka, na nilipofika watu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi ya mtendaji. Dada alikuwa upande wa wanawake. Shemeji yake, yule wa ng'ombe, alikuwa mstari wa mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti. Mtendaji akasimama, akasoma ukurasa wote kwa sauti ya kusoma Biblia, akafika mahali pale.

"Kwa mpango huu, ndege itakuja."

Akaweka nukta. Akaendelea na aya nyingine.

Makofi yakaanza, vigelegele vikafuata. Mzee mmoja akauliza itakuja lini. Mtendaji akatazama karatasi, akasema imeandikwa itakuja. Mimi nilikuwa nimekaa meza kuu, mbele ya chupa ya maji, nikiitafuta nusu ya sentensi yangu kwenye nakala niliyokuwa nayo. Haikuwepo. Nilipoinua macho dada yangu alikuwa ananitazama. Hakuwa amepiga makofi. Alikuwa ameweka mikono mapajani, anasubiri, kama mtu aliyepewa chenji na anajua muuzaji bado hajamaliza kuhesabu.

Sipendi kusimama mikutanoni. Ushauri ni kazi ya watu wanaokaa. Nikasimama.

"Ndugu zangu, hapo kuna maneno yamekatika," nikasema. "Ndege itakuja. Lakini haitakuwa inakujaga."

Kicheko kikapasuka. Mtu wa meza kuu, mwenye shati la mikono mirefu, amesema *inakujaga*. "Huyu ni wa kwetu," mmoja akapaza sauti nyuma. "Kumbe shule haikumaliza yote." Walicheka vizuri, na mimi nikacheka. Kisha kicheko kikaanza kupungua kuanzia mbele kwenda nyuma, jinsi maana ilivyokuwa inawafikia.

"Kama umeme," akasema mwanamume mmoja.

"Kama umeme," nikasema.

"Kama bwana shamba."

"Kama mume wangu," akasema mama mmoja, na wanawake wakaanguka upya.

Mtendaji alikuwa na kalamu mkononi. "Mtaalamu, hilo lipo kwenye ripoti?"

"Lilikuwepo."

"Kwa hiyo kwenye kumbukumbu niandike lipi?"

"Yote mawili."

"Yanapingana."

"Hayapingani, mheshimiwa."

Alinitazama kwa huruma ya mtu mwenye kazi nyingi. Akaandika moja. Sijui ni lipi.

Baada ya hapo nilikwenda kwa dada. Alinikaribisha ndani, akaleta maji ya kunawa, ugali na dagaa. Gunia la mbegu lilikuwa pembeni ya kabati, limefungwa kamba. Nilikuwa najiandaa kuomba radhi kwa niaba ya ndege, ya barabara, ya dereva na mafuta yake, nikaona nimechoka hata kuanza.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nafikiriaga hivyo." Akachagua dagaa mmoja, akamweka pembeni. "Shemeji amesikia?"

"Alikuwa mbele kabisa."

"Basi vizuri. Mimi ningesema siwezi tena, wangesema mwanamke kachoka, wakagawana. Sasa amesema mtaalamu wa serikali."

"Dada, mimi si wa serikali."

"Nyamaza, usiniharibie."

Jioni ile ile alimwita shemeji yake pamoja na mtendaji, akawaambia kwamba kwa kuwa wataalamu wamethibitisha ndege haitakuwa inakujaga, yeye anampa shemeji shamba achungie kwa kuazima, mpaka watoto watakapolihitaji. Alisema kuazima mara nyingi, mpaka neno likakaa. Shemeji hakuwa na la kupinga. Angepinga nini, wakati alikuwepo na alicheka na wengine? Mimi nilikaa pale kama kielelezo.

Simu kutoka kwa kiongozi wa mradi ilinikuta njiani, nikiwa nimeshavuka Kiabakari. Aliniuliza niliwaambia nini wanakijiji, maana mteja amesikia nimeupinga mradi hadharani.

"Sikupinga," nikamwambia. "Nilinyambulisha kitenzi."

Hawajanipa kazi nyingine tangu siku hiyo, ingawa hawakusema kwamba hawatanipa. Watakuwa wananikumbuka, nadhani, lakini hawatakuwa wananipigiaga. Mhariri wa Dar naye nilimpigia, si kwa ugomvi, nilitaka tu kujua. Alikuwa muungwana sana. "Kaka, niliona mgongano," akasema. "Hapa itakuja, hapa haitakuwa inakuja. Na kile kiambishi si sanifu. Nikausuluhisha." Nikamshukuru. Kwa Kiswahili chake alikuwa sahihi kabisa.

Dada yangu anaishi Bweri sasa, kwenye chumba kisicho na plasta. Amepanda zile mbegu zake kati ya msingi wa nyumba yangu na msingi wa jirani ambaye hajawahi kuonekana. Analalamika kuhusu kila kitu: bodaboda zinazopita kama zimefukuzwa, maji ya bomba yanayotokaga siku yanayotaka, majirani wanaojibu salamu wakiwa wamekwisha kupita. Asubuhi nyingine namkuta amesimama uani anatazama upande wa Bunda, ambako kutoka hapa huwezi kuona chochote. Nikimuuliza anasema anaangalia mvua.

Jumamosi moja alikuwa anapalilia, mimi nimekaa mlangoni na ripoti ya mtu mwingine, tukasikia mlio. Dada aliinuka na jembe mkononi, amelishika kwa mikono miwili. Ilikuwa ndege ya mpiga picha wa harusi. Ilipita juu ya mahindi yake, ikasimama kidogo kama inayatazama, kisha ikaelekea ukumbini kwenye matarumbeta. Jumamosi iliyofuata ikaja tena. Na iliyofuata, kwenye mawingu mazito na upepo, ambapo mimi kwa hesabu zangu nisingeiruhusu kuruka.

"Hii aliichambua nani?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, dada."

"Ndiyo maana inakujaga," akasema, akainama tena kwenye magugu.